Ramadhani, Siku ya 14: Shida Yako Unaipeleka kwa Nani?



Kijana wa darsa kaniuliza: "Ustadhi, kitabuni kuna picha ya sanamu ya shaba, mungu wa Wamisri wa kale. Niichane?"

Usiichane. Isome.

Yule ni Osiris, waliyemwita mungu wa wafu. Kavishwa sanda, kashika mjeledi na fimbo ya mchungaji (Wabarbaig mtaitambua hiyo fimbo). Fundi aliifinyanga sanamu kwa nta ya nyuki, akaifunika udongo, akaichoma. Nta ikayeyuka ikatoka, na pale ilipokuwa akamimina shaba iliyochanganywa na bati. Mafundi wa Kidatoga upande wa Ziwa Eyasi, wanaoyeyusha makufuli mabovu wakapata bangili, wanaujua moto huo.

Sasa tazama kitako chake. Baadhi zimeandikwa ombi: Osiris ampe uhai fulani bin fulani. Mimi hapo huwa nasimama. Mtu yule hakuwa anacheza. Huenda mtoto wake alikuwa hoi, akatoa mali yake, akaenda hekaluni. Shida ilikuwa ya kweli kabisa! Ila aliipeleka kwa kitu ambacho chenyewe kilimngoja fundi ili kipate miguu.

Na zilijaa. Kwenye hekalu la Karnak, kuanzia mwaka 1903, Georges Legrain alifukua sanamu za shaba zipatazo 17,000, zimefukiwa chini ya ua. Waliozifukia ni makuhani wenyewe.

Sisi hatuna Osiris. Lakini mtu kaswali tarawehe, mtoto ana homa nyumbani, usiku huohuo anapiga hodi kwa mganga, anarudi na hirizi ya kumfunga mtoto shingoni. Zahanati ipo. Dawa ni sababu, na kujitibu tumeamrishwa. Hirizi ile inasikia nini?

Fungua Suratul Baqara. Aya za saumu ni 183 mpaka 187. Katikati yake, aya ya 186, hukumu zinasimama kidogo, Allah anatuambia Yeye yu karibu, anamjibu anayemwomba. Haikuwekwa pale kwa bahati.

Basi leo, kabla ya adhana ya Magharibi, acha sufuria ya uji dakika tano. Itaje shida yako kwa jina lake, kwa Kiiraqw, Kibarbaig au Kiswahili. Usitafute maneno mazuri.