Kofia Niliyoivaa kwa Ajili ya Nywele



Likizo iliyopita niliswalisha watu Ishaa nyumbani kwetu Gatete, pale Rumonge, kwa sababu ya kofia. Imamu wetu alikuwa na homa. Safu zilipokuwa zinapangwa, mzee mmoja aliyekuwa rafiki wa marehemu babu yangu alinishika mkono akanisogeza mbele, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: “Huyu ndiye. Wenzake wakifika Bujumbura wanavua kofia, yeye amekwenda huko ndiyo akaivaa.” Watu wakaafiki, nami nikapiga takbira. Rakaa zote nne moyo haukutulia, kwa kuwa nilijua jambo ambalo mzee yule hakulijua. Kofia ile sikuivaa kwa kumfuata Mtume (s.a.w.). Niliivaa ili watu wasione kwamba nywele zangu za mbele zinakwisha.

Nina miaka 23. Zilianza kurudi nyuma nikiwa na miaka 20, kwanza kwenye pembe mbili za paji la uso, kisha utosini nako kukawa kwepesi. Kinyozi wangu wa Buyenzi aliligundua kabla yangu. Siku moja alizima mashine akaniuliza: “Kaka, nikuchoree laini wapi?” Akanionea huruma, akanipaka rangi nyeusi, akachora laini iliyonyooka kama ya rula. Nilitoka pale nikijiona mtu mpya. Adhuhuri ikaingia, nikaenda kutawadha, nilipopaka maji kichwani yakashuka meusi usoni, mbele ya watu waliokuwa wanangoja zamu ya bomba. Kesho yake nilinunua kofia.

Shangazi yangu ana tiba yake. Rumonge ni nchi ya michikichi. Mawese tunayajua tangu tumboni, na mafuta ya mise, yale yatokayo kwenye kokwa, shangazi anayaamini kwa kila kitu, kuanzia ngozi ya mtoto mchanga hadi upara wa mpwa wake. Nilipakwa mwezi mzima. Ngozi iling’aa, na upara ukang’aa pamoja nayo. Wajomba nao wakanifariji kwa ule utani wa kila siku, kwamba mwenye kipara ana pesa. Kwangu upara umetangulia, pesa bado ziko njiani. (Utani huu una upande wa kutisha. Mwaka 2017 polisi wa Msumbiji waliwatahadharisha wanaume wenye vipara baada ya mauaji katika wilaya ya Milange, mkoa wa Zambezia, kwa sababu kuna watu walioamini kwamba ndani ya vichwa vile mna dhahabu. Tangu nisome habari ile sicheki sana.)

Basi nikafanya anachofanya mwanafunzi, nikasoma. Upara wa namna yangu hurithiwa, kwa mama na kwa baba pia. Homoni iitwayo DHT hudhoofisha mizizi ya nywele za mbele na za utosini, kila unywele unaoota unakuwa mwembamba kuliko uliotangulia, hadi usionekane tena. Nywele za kisogoni kwa kawaida husalimika. Mwaka 1959 daktari Norman Orentreich wa New York alichapisha matokeo yake kwamba unywele wa kisogoni ukihamishiwa mbele huendelea na tabia ya kule ulikotoka, na biashara yote ya kupandikiza nywele imesimama juu ya jambo hilo. Siku hizi mji wake mkuu ni Istanbul. Kichwa kinatiwa ganzi, mgonjwa yu macho, mizizi inachomolewa kisogoni kidogo kidogo, pengine elfu mbili au tatu kwa siku moja, na kupandwa mbele. Baada ya wiki chache nywele zile hupukutika, kisha huota upya taratibu, na mtu huona sura yake kamili baada ya karibu mwaka. Wayne Rooney alifanya hivyo mwaka 2011 akiwa na miaka 25, na akautangazia ulimwengu mwenyewe. Nakiri kwamba hilo lilinipa moyo kuliko kitabu chochote.

Daktari wa ngozi niliyemwendea Bujumbura alinipunguza moto. Alisema katika umri wangu upara bado uko safarini. Nikipanda mbele leo, nyuma ya nilipopanda patazidi kukwisha, na nikifika miaka 35 huenda nikabaki na kisiwa cha nywele kwenye paji la uso. Na kisogo ni ghala ambalo ukichukua halijazwi tena. Kisha nywele zetu za kipilipili zimepinda hata chini ya ngozi, ni rahisi kuukata mzizi wakati wa kuuchomoa, na ngozi nyeusi huelekea zaidi kutoa makovu yanayovimba. Akapapasa kisogo changu penye vipele vya kunyoa, akatikisa kichwa. Dawa ya kupaka, minoksidili, ipo. Mwanzoni ilikuwa dawa ya shinikizo la damu. Lakini hiyo ukiacha kupaka, kilichopatikana kinapotea.

Dada yangu ndiye aliyeniuliza bei. Anafanya kazi za nyumbani Riyadh, mwaka wa pili sasa. Nilimtania tu kwa ujumbe wa sauti kwamba napata uzee kabla ya shahada, yeye akalichukua kwa uzito. Kliniki moja ya Istanbul ilikuwa imeniandikia dola 2,200 pamoja na hoteli, tiketi juu yangu. Hapa kwetu, ambapo dola hutafutwa kama dawa, hiyo si bei ya kutamka mbele ya wazazi. Dada akajibu: “Nitakupa, mdogo wangu. Unataka kuoa, usiende ukweni ukaitwa baba.”

Pesa zilikuwa zimepatikana, kilichobaki ni ruhusa ya dini. Nitasema ukweli: nilikwenda kuitafuta nikiwa nimeshaamua jibu ninalolitaka. Nililiogopa katazo la kuunganisha nywele. Katika Bukhari na Muslim, Asma binti Abubakar (r.a.) anasimulia mwanamke aliyekuja kwa Mtume (s.a.w.) akasema binti yake aliugua, nywele zikapukutika, naye ni bibi harusi, je, amuunganishie? Akajibiwa kwa laana juu ya mwenye kuunganisha na mwenye kuunganishiwa. Hadithi nzito, na aliyeulizwa habari zake ni mgonjwa. Lakini wanazuoni wa zama hizi wametofautisha. Nywele zinazopandikizwa ni za mtu mwenyewe, zinaota, zinanyolewa, na maji ya udhu yanafika kwenye ngozi. Sheikh Muhammad bin Salih al-Uthaymin aliona inafaa, kwa kuwa ni kurejesha umbile na kuondoa aibu, si kujiongezea uzuri. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha mwaka 2007 kule Putrajaya, Malaysia, likataja kupandikiza nywele zilizoanguka, hasa kwa mwanamke, miongoni mwa yanayojuzu. Na kabla ya hao wote, Arfaja bin As’ad (r.a.) alikatwa pua vitani, akaweka ya fedha ikanuka, Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu.

Nikafunga simu nikiwa na furaha. Inajuzu. Lakini dalili ya Sheikh al-Uthaymin ilikuwa ile hadithi ya watu watatu wa Bani Israili, mwenye mbalanga, mwenye upara na kipofu, nami nilikuwa nimeisoma nusu tu. Usiku nikarudi kuimalizia.

Kwanza neno lenyewe. Mtu yule anaitwa al-aqra’. Waarabu hutumia neno hilo kwa kichwa kilichopoteza nywele kwa ugonjwa, na katika hadithi watu walikuwa wanachukizwa naye. Kwa upara wa mbele unaokuja wenyewe wana neno lingine, al-asla’, na neno hilo katika Sahih Muslim yuko nalo mtu tunayemjua sote: Abdullah bin Sarjis anasimulia jinsi alivyomwona al-asla’ akilibusu Jiwe Jeusi, naye anamkusudia Umar bin al-Khattab (r.a.). Analitaja bila dharau, kama mtu anayesema yule mrefu au yule mweusi. Ali (r.a.) naye amesifiwa hivyo hivyo. Hata kwenye vitabu vyetu vya Kishafii, panapohesabiwa kasoro zinazompa mke haki ya kuvunja ndoa, utakuta wazimu, ukoma na mbalanga, upara humkuti. Kwa hiyo niliposema “kuondoa aibu” nilikuwa nimepitisha swali bila kulijibu. Aibu hii ameiweka nani? Kwenye kichwa cha Umar haikuwepo. Kwenye bomba la udhu ilikuwepo, maana watu walicheka.

Sitaki hata hivyo kusimama na wale wanaomjibu kijana kwa neno moja, shukuru Mungu, wapo wasio na miguu. Malaika alipomuuliza mwenye upara anachokipenda zaidi, akajibu nywele nzuri na kuondokewa na jambo linalomfanya watu wamchukie, hakuhubiriwa. Alipanguswa, akapewa nywele. Kuomba kwake hakukuwa dhambi, na maumivu yake hayakudharauliwa. Nililia kidogo niliposoma hapo, na sioni haya kuandika.

Kuna jambo dogo lililonikera zaidi ya fatwa zote. Siku za mwanzo baada ya upasuaji madaktari hukataza kuinamisha kichwa na kugusa sehemu iliyopandwa. Maana yake siku kadhaa za kuswali kwa ishara. Mgonjwa ana ruhusa, najua. Lakini huyu ni mgonjwa aliyenunua tiketi ya ndege kwenda kuugua, na paji la uso analolilinda lisiguse chini ni lile lile analolilalamikia kwamba limekuwa kubwa. Sina hukumu hapa, nawaachia wenye elimu. Nasema tu kwamba nilijaribu kujiwazia niko hotelini Istanbul, adhana inasikika dirishani, nami naswali kwenye kiti.

Nusu ya pili ya hadithi ni ng’ombe. Mwenye upara alipewa nywele, kisha akapewa ng’ombe mwenye mimba, akazaliana hadi akajaza bonde. Malaika akarudi katika sura ya maskini mwenye upara, akaomba msaada. Akanyimwa, akaambiwa mali hii ni ya kurithi, mkubwa kwa mkubwa. Mtu yule aliangamizwa na kusahau alikuwa nani, na ng’ombe wametoka wapi. Nami nikamwona ng’ombe wangu. Ng’ombe wangu ni dada, anayeamka kabla ya alfajiri katika nyumba ya watu, Riyadh, ambaye ana mtoto wa miaka mitano anayelelewa na mama yetu Gatete. Miaka miwili hajamwona. Nilikuwa tayari kuichukua miezi yake na kuivaa kichwani.

Nilimwandikia asitume. Alinuna siku mbili, kisha akaniuliza kama nimepata mchumba anayependa vipara. Kuhusu mchumba nikafanya jambo nililoliahirisha muda mrefu: picha aliyokuwa nayo ni ya mwaka wangu wa kwanza chuoni, nikamtumia ya leo, bila kofia. Hilo nadhani lingekuwa wajibu hata kama ningepandikiza, maana posa haijengwi juu ya picha ya zamani wala ya Istanbul. Alijibu baada ya saa tatu. Alichojibu ni chake na changu.

Upandikizaji wenyewe sikuufungia mlango. Nikifika miaka 30, upara ukiwa umetulia na pesa ikiwa ya jasho langu, huenda nikarudi kwa daktari. Huenda pia nisikumbuke.

Ikabaki kofia. Nilidhani jambo la haki ni kuivua, niwe mkweli. Kisha nikakumbuka anachonukuliwa al-Fudhayl bin Iyadh, kwamba hata kuacha tendo kwa ajili ya watu ni riya. Nikiivua ili waone ikhlasi yangu, nimetoka shimo moja nikaingia jingine. Nikaona afadhali niibakishe kichwani na kumwambia ukweli mtu mmoja tu, yule niliyemdanganya zaidi.

Mwezi uliopita nilipanda probox hadi Rumonge, nikafika Gatete kabla ya Magharibi. Mzee alikuwa nje ya msikiti akitawadha kwa birika. Nikaketi pembeni yake nikamweleza: kinyozi, maji meusi, kofia, Ishaa ile. Alinisikiliza akiosha miguu, wa kulia, kisha wa kushoto. Alipomaliza akavua kofia yake kupaka maji sehemu ambayo alikuwa ameisahau, na kichwa kilikuwa kitupu kabisa, kinang’aa kama boga lililopakwa mawese.

“Mimi nilianza na miaka 19,” alisema, “na kofia nilianza kuivaa wiki hiyo hiyo.” Akaivaa tena, akasimama kwa kunishika bega, akaniambia niingie nikakimu, jua limeshazama.