Siku ya Uji wa Kwanza

Wazee wetu walituachia methali mbili zinazopingana. Ya kwanza yasema, Haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema, Ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakutuambia ni lini tuishike hii na ni lini tuishike ile. Kazi ya kuamua walituachia sisi wenyewe. Katika mambo mengi kazi hiyo ni nyepesi, kwa kuwa aliyekosea leo aweza kujisahihisha kesho. Lakini yako mambo machache ambayo mwenye kuyaamua ni mmoja, na mwenye kupatwa na matokeo yake ni mwingine asiyeweza hata kusema. Mojawapo ni hili: mtoto mchanga aanze lini kulishwa chakula kingine zaidi ya maziwa ya mama yake?

Labda msomaji atashangaa kuona habari za kijiko na bakuli la uji zimewekwa katika ukurasa huu, ambapo amezoea kusoma habari za haki na wajibu. Asishangae. Katika nyumba nyingi za nchi yetu hakuna shauri linalogawanya watu upesi kama hili. Mtoto ana miezi 4, na usiku analia. Mama mkwe asema, "Mwanangu, huyu ana njaa. Maziwa yako hayamtoshi. Mkorogee uji mwepesi apate kulala." Muuguzi wa kliniki amekwisha kusema, "Usimpe kitu, hata maji, mpaka atimize miezi 6." Baba yuko kimya, au asema tu, "Fanyeni mjuavyo." Mama kijana amekaa katikati, akimtii huyu, amemvunjia heshima yule. Je, amsikilize nani, na kwa haki gani?

Na tuanze na yale yaliyo hakika. Shirika la Afya Duniani lafundisha kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aanze kulishwa, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Sababu zake si za siri. Maziwa ya mama ni maji kwa zaidi ya sehemu 80 katika 100, hivyo mtoto anyonyaye vizuri hahitaji maji mengine hata penye jua kali. Na maji au uji usioandaliwa kwa usafi humletea kuhara. Tena tumbo lake ni dogo. Kila kijiko cha uji mwepesi huchukua nafasi ya maziwa yaliyo bora kuliko uji huo.

Walakini kungojea mno nako kuna adhabu yake. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huja duniani na akiba ya madini ya chuma mwilini, na akiba hiyo huwa imepungua sana afikapo karibu miezi 6. Maziwa ya mama yana chuma kidogo tu. Toka miezi 6 hadi 8 ahitaji kupata katika chakula kama kalori 200 kila siku juu ya zile za maziwa, na akiisha kutimiza mwaka ahitaji kama 550. Asiyezipata hudhoofika polepole, na jirani asione kitu. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba hapa Tanzania, katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, kama 30 wamedumaa. Hao hawakudumaa siku moja, wala kwa sababu moja. Lakini wengi walianza kudumaa katika miezi hiyo ya vijiko vya kwanza.

Basi, watu watasema, shauri limekwisha: hesabu miezi 6, kisha injika chungu. Sisi twasema halijakwisha. Kanuni ya miezi 6 ni kama jiwe la mpaka katika shamba. Jiwe ni la lazima, kwani pasipo jiwe ugomvi haukomi. Lakini udongo wa upande huu na wa upande ule ni udongo mmoja. Mtoto wa siku 179 hakugeuka kuwa kiumbe kingine siku ya 181. Kanuni imewekwa kwa ajili ya watoto wengi, na mama anaye mmoja mapajani. Mmoja huyo lazima atazamwe. Je, shingo yake imekaza? Aweza kuketi akiegemezwa? Hunyoosha mkono kwenye chakula cha wakubwa na kupeleka vitu kinywani? Akiwekewa kitu laini ulimini hukimeza, au ulimi hukisukuma nje? Na aliyezaliwa kabla ya wakati wake, miezi yake yafaa ihesabiwe pamoja na daktari.

Mwanafalsafa Aristotle alilijua jambo hili. Katika kitabu chake cha maadili aeleza kwamba mtu ajuaye kuwa nyama nyepesi zafaa kwa afya, lakini hajui ni nyama zipi zilizo nyepesi, hawezi kumfaa mgonjwa. Afadhali yule ajuaye tu kwamba nyama ya kuku inafaa. Maana yake ni kwamba busara si kujua kanuni tu. Busara ni kujua kanuni, na kumjua huyu aliye mbele yako, na kuviunganisha viwili hivyo.

Hapa yatupasa kuangalia tusianguke upande wa pili. Mtu mwingine atasema, "Kama ni hivyo, kanuni ya nini? Kila mama afuate moyo wake." Hatusemi hivyo. Moyo wa mama aliyekesha usiku wa tatu si shahidi mwaminifu siku zote. Mtoto hulia kwa njaa, hulia pia kwa joto, kwa tumbo kujaa hewa, na kwa kutaka kubebwa tu. Akinywa uji akalala, kulala kwake hakuthibitishi kwamba alikuwa na njaa. Kanuni hutulinda hasa saa ile ambayo tumechoka na twataka sana kuamini jambo litakalotupa usingizi. Basi sisi twapendekeza kipimo hiki: anayetaka kuikiuka kanuni awe na sababu ambayo angeweza kuieleza mbele ya daktari mchana kweupe, bila kuinamisha uso. Sababu ya namna hiyo hutoka kwa mtoto mwenyewe. Ile itokayo katika uchovu wetu, au katika aibu ya kuulizwa na majirani, si sababu.

Sasa tumrudie mama mkwe. Wasomi wengi humcheka, nao wakosea. Katika miaka ya 1930 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, aliwaandikia waganga wenzake habari za ugonjwa ambao sisi twauita unyafuzi. Aliutumia jina walilompa wenyeji, kwashiorkor, maana yake maradhi ya mtoto aliyeondolewa titini kwa kuwa mdogo wake amekuja. Akina mama wasiosoma walikuwa wameuona ugonjwa ule na kuutaja pamoja na chanzo chake, kabla waganga wa Ulaya hawajauandika.

Tena yafaa tukumbuke kwamba kliniki yenyewe imebadili neno. Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto aanzishiwe chakula kati ya miezi 4 na 6. Ni mwaka 2001 ndipo shauri likawa miezi 6. Vivyo hivyo habari za karanga. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri kwamba watoto walio katika hatari ya mzio wasionjeshwe karanga mpaka wafike miaka 3. Mwaka 2008 shauri hilo liliondolewa. Na mwaka 2015 uchunguzi wa London, uliofuata watoto 640, ulionyesha kwamba waliolishwa karanga katika hali laini tangu mwaka wao wa kwanza walipata mzio wake kwa uchache sana kuliko walionyimwa.

Basi bibi aliyelea watoto wake kabla ya mwaka 2001, akawapa uji wakiwa na miezi 4, pengine hakuasi neno la kliniki hata kidogo. Ugomvi tunaoudhani ni wa mila na elimu, mara nyingi ni wa kliniki ya jana na kliniki ya leo. Je, bibi huyo ana hatia? Hana. Mtu huhukumiwa kwa nuru aliyokuwa nayo. Walakini nuru ikiisha kuongezeka, kuipa kisogo kwa kuwa "sisi tulilelewa hivyo na tukakua" si uaminifu kwa wazee. Ni kuwatumia wazee kama ngao. Twaagizwa kuwaheshimu baba na mama, nasi twaiheshimu amri hiyo. Lakini heshima si kutii kila neno katika kumlisha mtoto wa mtu mwingine. Mama kijana aweza kumpigia mama mkwe magoti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mama, tungoje kidogo."

Naye bibi anayo kazi asiyoiweza muuguzi. Ndiye ajuaye mahindi yaliyokaushwa vizuri na yale yaliyoshikwa na ukungu. Na mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ndiye ajuaye kuukoroga uji ukawa mzito, ukatiwa maziwa au karanga zilizosagwa laini, usiwe maji matupu yenye rangi. Siku ya kijiko cha kwanza ikifika, mkono wake watakiwa sana.

Liko neno la mwisho, nalo ndilo zito kuliko yote. Twamwambia mama angoje miezi 6. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 humpa mama aliyejifungua mtoto mmoja likizo ya siku 84, yaani wiki 12. Baada ya hapo humruhusu muda usiozidi saa 2 kila siku za kunyonyesha. Lakini saa hizo zina faida gani kwa mama ambaye mtoto wake yuko ng'ambo ya pili ya mji? Na mama wa sokoni au wa shambani hana hata likizo hiyo. Jembe humwita mapema zaidi. Huyu akimwachia dada wa nyumbani kikombe cha uji mtoto akiwa na miezi 4, nani amevunja kanuni? Kumwekea mtu wajibu na kumnyima njia ya kuutimiza si kufundisha maadili, bali ni kumtwisha lawama.

Kwa hiyo twasema hivi. Uamuzi wa siku ile ni wa baba na mama, maana ndio watakaoulizwa na mtoto. Lakini kila mwenye kutoa shauri na ashike upande mmoja wa mzigo. Baba asemaye "fanyeni mjuavyo" na aamke usiku ambembeleze mtoto, mama alale. Mama mkwe na achukue ndoo na jembe, ili mkwewe apate kukaa chini na kunyonyesha. Mwajiri na atafute chumba kidogo chenye mlango na kiti, ambamo mama aweza kukamua maziwa kwa heshima. Muuguzi na aulize kwanza, "Waishije, mama?" kabla hajauliza, "Kwa nini umempa?" Asiyekuwa tayari kwa lolote katika haya, afadhali anyamaze, amwachie mama mtoto wake.