Juu ya Kumwita Mtu Mwenda Wazimu

Iko desturi iliyoenea sana katika mitaa yetu, nayo huonekana ndogo, lakini twaona yafaa tuitazame vizuri. Mtu akinena barazani neno lisilowapendeza wenzake, husemwa upesi, "Huyu ana wazimu." Nasi tukaao Miyuji tuna namna yetu, kwa kuwa Hospitali ya Mirembe imo katika mji huu wa Dodoma tangu mwaka 1927: twasema, "Apelekwe Mirembe," na watu hucheka. Jirani zetu wa Kenya hulitumia jina la Mathari, hospitali iliyoko Nairobi, vivyo hivyo. Nyumba zilizowekwa kwa kuuguza watu zimegeuzwa kuwa matusi.

Hebu tulichungue neno lenyewe. Wazimu ni ndugu wa mzimu. Watu wa kale walipomwona mtu akisema na asiyeonekana, walidhani mizimu imemshika, nao ugonjwa wakauita kwa jina la hao waliodhaniwa kuuleta. Neno majununi, tulilopewa na Waarabu, ni la namna hiyo hiyo: ni mtu aliyeingiwa na jini. Wala watu wa Ulaya wasitucheke, maana wao waliusingizia mwezi, na sheria za kale za Waingereza zilimwita mgonjwa kwa neno litokalo katika jina la mwezi kwa Kilatini. Hata katika Mathayo 4:24, pale tusomapo "wenye kifafa", neno la Kiyunani lina maana ya waliopigwa na mwezi. Lakini msomaji aangalie: mwinjili amewataja hao mbali, na wenye pepo mbali. Tena, yapata miaka 400 kabla ya Kristo, waganga wa Kiyunani wa shule ya Hippocrates walikwisha kuandika ya kwamba kifafa hakitoki kwa miungu, bali chanzo chake ki katika ubongo.

Basi neno lenye asili kama hiyo likitupwa ovyo, huua hoja. Paulo alipokuwa akijitetea mbele ya Agripa na kunena habari za ufufuo, Festo alipaza sauti akisema kwamba Paulo ana wazimu, na kwamba elimu nyingi imemharibu. Hakujibu hata neno moja katika yale aliyoyasikia. Ndivyo ilivyo barazani kwetu. Mjane adaiye shamba la marehemu mumewe, akiisha kuitwa mwenda wazimu, nani atauliza tena kama shamba ni lake au si lake?

Lakini aumizwaye zaidi hayupo barazani. Yuko mzazi ambaye mtoto wake ameanza kweli kusikia sauti zisizokuwapo, na kicheko kile cha Mirembe amekisikia miaka mingi. Atafanyaje? Atamficha ndani, pengine atamfunga kamba, au atamzungusha kwa waganga miezi na miezi, huku akiona haya kupita katika lango la hospitali iliyo karibu naye. Ugonjwa huo una dawa, na mara nyingi atibiwaye mapema hupata nafuu kuliko aliyecheleweshwa.

Wengine watasema, "Huo ni mzaha tu, na lugha haina neno jingine." Lugha yetu si maskini kiasi hicho. Aliyekosea amekosea; asiyesikia shauri ni mkaidi; mwenye hasira ni mwenye hasira. Na aliye mgonjwa, aitwe mgonjwa.

Siku hizi limeingia na neno sonona, nalo twaona limeanza kwenda njia ile ile. Kijana aliyeshindwa mtihani akinyamaza siku mbili, husema ana sonona, na rafiki zake hucheka. Huyo ana huzuni. Sonona hukaa majuma mawili na zaidi, ikiondoa usingizi, hamu ya chakula na nguvu za kazi. Naye aliye nayo mara nyingi hasemi lolote.