Tazama Mkono Wake, Mwanangu

Mwanangu, najua umezoea filamu yenye sauti ya VJ, yule msimuliaji anayetafsiri filamu papo hapo. Hata mimi nampenda. Kwenye vibanda vya Kampala tulibanana mabenchini, naye akatueleza kwa Kiganda nani mbaya, nani mwema, nani atakufa. Tulicheka sana. Kazi ya kufikiri tulimwachia yeye.

Leo nakuomba ukae na filamu isiyotoa sauti hata kidogo. Ni The Iron Horse, aliyoiongoza John Ford mwaka 1924. Inasimulia reli ya Marekani, ambayo pande zake mbili zilikutana Utah tarehe 10 Mei 1869. Utachoka mapema, nakujua. Utaanza kuitafuta simu. Vumilia.

Mwanzoni baba anauawa, mwanawe amejificha anaona. Muuaji amevaa kama Mcheyenne, mmoja wa wenyeji wa asili wa Marekani, kumbe ni mzungu. Hakuna wa kukunong'oneza. Utamjua kwa mkono wake wa kulia, wenye vidole viwili tu. Ukigeuka kidogo, mkono umekupita. Miaka mingi baadaye mtu huyo atatokea tena, safari hii ni tajiri mwenye mashamba, na wewe utamwamini.

Kisha watazame Wacheyenne wenyewe. Wanakuja juu ya farasi, wanashambulia, wanaanguka. Filamu iko upande wa reli tangu mwanzo. Ardhi ilikuwa ya nani, haiulizi. Hapo Ford ananiuma, pamoja na ustadi wake wote. Maana reli ya namna hiyo sisi tunaijua. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901, na hapa Kampala 1931. Vibarua kutoka India waliijenga kwa maelfu, na wengi walizikwa njiani. Wanandi wa Kenya waliipinga kwa miaka, mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipopigwa risasi mwaka 1905, katika mkutano alioitiwa kuzungumza amani. Kila nikimwona Mcheyenne akianguka kutoka kwenye farasi, namkumbuka Koitalel.

Nawe unasema unataka kuwa VJ. Vizuri, mwanangu, kazi hiyo ina heshima yake. Lakini usikimbilie maikrofoni. Itazame filamu mara ya kwanza ukiwa umenyamaza. Mara ya pili tia maneno yako, na Mcheyenne naye umpe la kusema kabla hajaanguka. Siku hiyo niite, nitakuja kukusikiliza.