Likizo Ni ya Nani?

Wapendwa wanandoa, mmeweka akiba, na sasa mnataka kuvuka mpaka na mtoto wenu wa miaka miwili mkaone bahari ya Zanzibar. Ni jambo jema. Pasipoti yake iko tayari, na chanjo ya homa ya manjano amepata. Lakini je, mmekubaliana nani atamwangalia?

Huko Paje, pwani ya mashariki, maji hupwa mbali yakaacha vidimbwi, kisha hujaa tena. Mtoto wa umri huo huweza kuzama hata katika maji ya sentimita chache, bila kupiga kelele. Lazima mtu mmoja awe macho daima. Katika nyumba nyingi mtu huyo ni mama. Baba hulala kivulini, akisema ndiye aliyelipa nauli. Je, hiyo ni haki? Mama naye amechoka mwaka mzima.

Mtoto hataikumbuka safari hii, ninyi mtaikumbuka. Basi gawaneni zamu kabla ya kufunga mizigo. Aliye kwenye zamu asishike simu wala gazeti. Mwingine apumzike kweli, bila kuona haya.