Kuna Kuteleza na Kuteleza

"Kuteleza si kuanguka," walisema wahenga, nasi huitumia methali hii kumliwaza aliyekosea. Mimi nadai imebeba zaidi ya hapo. Kuna kuteleza ambako ni wajibu. Kama hunisadiki, ndugu msomaji, kamuulize fundi saa.

Saa ya otomatiki haingoji kutiwa ufunguo kila asubuhi. Ndani yake mna kipande cha chuma kizito kinachozunguka kila utikisapo mkono, nacho huikaza kamani iliyojikunja kikoponi. Lakini mkono hautulii kutwa. Kamani ikijaa, je? Jibu lilipewa hataza mwaka 1863 kwa jina la Adrien Philippe, kabla saa za otomatiki za mkononi hazijaenea: ncha ya nje ya kamani isifungwe moja kwa moja. Iukamate ukuta wa kikopo kwa msuguano tu. Nguvu ikizidi iteleze kidogo, kisha ishike tena.

Kwa hiyo ukimpelekea fundi saa iliyovaliwa kutwa lakini ikasimama usiku mezani, haulizi kwa nini kamani inateleza. Anauliza inateleza wakati gani. Huikaza taratibu, akihesabu mizunguko. Ikiachia mapema, hukagua: ukuta umepakwa mafuta laini badala ya grisi maalumu ya kushikia? Umelika? Ncha imelegea? Na isipoteleza kabisa, balaa lingine: nguvu hupita kiasi, gurudumu linaloyumba hugonga mpaka wake, saa ikaenda mbio bila mpango.

Sasa sisi vijana tumepewa neno moja tu: komaa! Binti mmoja mtaani kwetu alikomaa miezi minane kwa tajiri aliyemlipa nusu mshahara. Akilalamika, anaambiwa mvumilivu hula mbivu. Siku aliyoacha kazi, watu wakasema, "Ah, huyu hana moyo." Hana moyo vipi, jamani? Leo anashona nguo kwao, na saa kumi na moja alfajiri taa yake inawaka. Aliteleza, akashika tena. Nguvu zake zote anazo.

Msinielewe vibaya. Namjua pia mshikaji aliyeacha useremala wiki ya pili, na ufundi magari wiki ya tatu, kila mara akisema anajiheshimu. Huyo ukuta wake una mafuta laini. Hajawahi kujaa hata siku moja, atajuaje kama amezidiwa?

Ugumu ni huu: nani apime? Mkono unaotikisa haujui kamani imejaa kiasi gani. Wenyewe kazi yake ni kutikisa tu. Ndiyo maana simwamini anayefaidika na jasho langu anaponihubiria uvumilivu. Lakini nami nisijipime kwa uchovu wa siku moja. Nihesabu mizunguko kwanza. Kisha, ikifika, niteleze bila aibu.