Je, Korti Yaweza Kumvua Mtu Uzazi Wake?

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu: hakimu akimtoa mtoto mikononi mwa baba au mama, je, mzazi huyo amekoma kuwa mzazi? Suali hili latuhusu sote. Korti ya Kithimani, huko Yatta katika Machakos, yahukumu kwa sheria ile ile itumikayo Mombasa na Lamu, nayo ni Katiba ya 2010 na Sheria ya Watoto ya 2022. Kifungu cha 53 cha Katiba chawapa baba na mama jukumu sawa la mtoto, wawe wameoana au hawakuoana, na chaamrisha maslahi ya mtoto yatangulizwe.

Wako waghadhibikao wakisema, "Mtoto ni wangu, serikali yaingiaje?" Neno hili "wangu" ndilo lipotezalo watu. Mnazi ni wako, waweza kuukata au kuuza. Mtoto si wako kwa njia hiyo. Yeye ni amana, na aiharibuye amana akipokonywa hakudhulumiwa.

Sayyidna Omar bin Khattab alimuona mwanawe Asim akicheza penye msikiti wa Quba, akamchukua. Bibi wa mtoto, mzaa mamake, akateta naye, wakaenda kwa Khalifa Abubakar. Abubakar akaamua mtoto aachiwe bibi, na Omar hakurudisha neno. Wala Omar hakuwa mzazi muovu! Ikiwa yeye aliikubali hukumu, mwenye kumpiga mwanawe na kumtupa ana hoja gani?

Lakini malezi ni jambo moja, na nasaba ni jambo jingine. Hakimu aweza kuondoa malezi, nasaba haiwezi. Amri ya mtoto wa kupanga, kwa sheria ya Kenya, hukata haki na wajibu wote wa wazazi wa kwanza, akawa mtoto kama aliyezaliwa na waliompokea. Hapo ndipo tusipokubali. Sura ya Ahzab, aya ya 5, yataka watoto waitwe kwa baba zao. Hata Zaid, aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad, akarejea kuitwa mwana wa Haritha. Faida yake i wazi: mirathi isipotee, wala mtu asimuoe nduguye pasi na kujua.

Njia ipo. Sheria ya 2022 imeitambua kafala, yaani Muislamu kumlea mtoto aliyekosa mlezi bila ya kumgeuza nasaba yake. Na baba aliyeondolewa malezi asidhani amepumzika: nafaka ingali shingoni mwake, kwani yeye ni baba vile vile.

Ndugu zetu, mara nyingi mtoto hafiki mbele ya hakimu ila baada ya ami, khalati, shangazi na jirani kunyamaza. Anayechukia kumuona mtoto wa nduguye akikabidhiwa wageni, na amchukue yeye kabla korti haijaitwa. Mwenyezi Mungu atuwafikishe.